Mashine ya Mwalimu Rénovat

Raïssa alikuwa mwoga, na mtaa mzima wa Kasenga, mjini Uvira, ulijua. Aliogopa radi, aliogopa mbwa hata aliyefungwa kamba, na siku ya chanjo alijifungia chooni huku muuguzi akimbembeleza kupitia tundu la mlango. Watu walimtania, naye alicheka pamoja nao, maana hakuona faida ya kukana kitu kinachoonekana. Kitu kimoja tu hakukiogopa, nacho ni kompyuta. Iwe imemwagiwa chai, iwe imeangushwa na mtoto, yeye aliipasua tumbo bila kupepesa macho. Mumewe alipovuka ziwa kwenda Kigoma na kunogewa huko huko, alimwachia kibanda cha mbao chenye mashine ya fotokopi. Yeye akakifanya kuwa mahali ambapo hata masista wa parokia walipeleka kompyuta zao zikiugua.

Sasa ilikuwa wiki ya pili tangu mji upate wenyewe wapya. Askari wa zamani walikimbilia kusini, wengine wakaingia kutoka uwanda wa Ruzizi, kisha redio ikasema amani imerudi na kila mwenye duka afungue. Raïssa alifungua kwa kuogopa kutofungua. Wateja hawakuwapo. Nani angetaka fotokopi wakati nusu ya mji ilikuwa imevuka mpaka kwenda Burundi na magodoro kichwani? Alikaa akipangusa vumbi ambalo alikuwa amekwisha kulipangusa, na upande wa pili wa ubao alimsikia jirani yake, fundi cherehani Nshimirimana, akikohoa peke yake.

Mteja wa kwanza alikuja saa tatu asubuhi kwa pikipiki mbili. Askari wawili walibaki mlangoni, na aliyeingia hakuvaa sare. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, na upande wa kiuno shati hilo limevimba kidogo mahali bastola ilipokaa. Alisema anaitwa Léopold, wa bureau deux. Hakuna mtu Uvira asiyejua kwamba hao ndio wapelelezi wa jeshi, na kwamba mtu akiitwa kwao kuulizwa maswali, nguo zake ndizo hurudi kwanza. Alimwamkia Raïssa vizuri, akauliza habari za nyumbani, akaomba kiti. Adabu hiyo ilimtisha Raïssa kuliko bunduki za mlangoni.

Léopold akatoa kompyuta ya zamani kwenye mfuko wa mchele na kuiweka mezani. Kabla haijatoka yote, Raïssa alikwisha kuitambua. Bawaba ya kifuniko ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba, na waya huo aliufunga yeye kwa mikono yake.

"Haiwake," Léopold alisema. "Inaandika maneno ya kizungu, halafu inanyamaza. Wananiambia weye njo unajua."

Raïssa alijibu kwamba angeiangalia.

Mashine ile ilikuwa ya Mwalimu Rénovat. Mzee huyo alifundisha hesabu miaka thelathini, na alipostaafu, wakazi wa Kilibula walimpa ukarani wa kamati ya mtaa wao. Watu walipoteremka kutoka Bijombo wakikimbia vita vya milimani, yeye ndiye aliyewatafutia pa kulala, familia hii kwa huyu na ile kwa yule. Shirika moja la msaada likataka orodha, naye akaitengeneza. Shida ni kwamba Mwalimu alichapa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kilikuwa na mashaka. Raïssa akamwonea huruma. Kwa muda wa alasiri kumi na moja, mzee alisoma kwenye daftari na yeye akachapa: jina la baba, jina la mama, idadi ya watoto, nyumba waliyofikia, njia gani, mlango wa rangi gani. Zilikuwa familia sitini na tatu. Mojawapo ilikuwa ya Concilie, mjane mwenye watoto wawili, na nyumba iliyompokea ilikuwa ya Raïssa mwenyewe.

Wakati ule orodha ilikuwa ya mchele na mafuta. Sasa wenye mji walikuwa wakisema kwamba watu wa Bijombo ni macho ya adui. Wiki iliyopita walichukua wanaume watatu katika nyumba moja ya Kilibula, na hadi leo wake zao walikuwa wakipeleka chakula kwenye geti la kambi ya jeshi na chakula kikirudishwa. Mwalimu alichoma daftari siku mji ulipobadilika. Mashine alitaka kuifuta, lakini ikamgomea kuwaka, naye alikuwa amepanga kuileta kwa Raïssa siku ya Jumatano. Jumanne wakamchukua yeye pamoja nayo.

Raïssa alichomeka waya. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta ya Nshimirimana, iliyokuwa ikikoroma nyuma ya vibanda. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi meupe yakasema hakuna diski ya kuwashia, na pembeni tarehe ikasoma mwaka wa elfu mbili na tisa. Hapo alijua ugonjwa wote. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kubwa kama kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kuikumbusha mashine saa na mahali pa kuanzia. Ikifa, mashine huamka kila siku kama mtu aliyepigwa kichwani: haijui leo ni lini, haijui diski yake iko wapi. Diski yenyewe ilikuwa nzima. Alihitaji kubonyeza kitufe kimoja mwanzoni, aweke tarehe, aionyeshe diski, na katika dakika mbili orodha ingekuwa mbele ya macho ya Léopold, pamoja na rangi za milango.

Uongo ulimtoka kabla hajaupima.

"Système imekufa, chef. Lazima tuweke ingine."

Léopold akauliza kama vitu vya ndani vitapotea, kwa sababu alichokitaka ni vitu vya ndani, na mashine yenyewe angempa hata yeye akitaka. Raïssa akamweleza kwamba ipo système, yaani programu ya kuendeshea mashine, ya bure inayoitwa Linux, nyepesi, inayofaa mashine za kizee kama hii. Ingekaa pembeni ya ile iliyokufa, na ikishawaka, vya ndani vingeonekana. Kila neno la maelezo hayo lilikuwa kweli, isipokuwa alichokusudia kufanya. Akavua ufunguo wa USB aliokuwa akiuvaa shingoni kwa uzi. Akauchomeka kwenye mashine.

Léopold akainuka na kiti chake, akazunguka meza, akaketi bega kwa bega naye. Halikuwa jambo la ajabu. Uvira hakuna mteja anayeacha mashine kwa fundi akaenda zake, kila mtu hukaa akilinda kipande chake kizima kisibadilishwe na kibovu cha mwenzake. Raïssa alikuwa amefanya kazi miaka tisa chini ya macho ya watu, na alijua kusema hili na lile huku mikono ikiendelea. Leo hakupata la kusema. Alisikia harufu ya sabuni kwenye shati la mtu huyo, na alifikiri juu ya kukimbia, ingawa hakuna mahali angeweza kukimbilia ambapo Concilie na watoto wangekuwa naye.

Alibonyeza kitufe cha kuamuru mashine ianze kwenye USB. Ukurasa wa kwanza ukatokea, kwa Kifaransa kama siku zote. Raïssa akageuza macho kidogo. Midomo ya Léopold ilikuwa ikicheza. Alikuwa akisoma. Alisoma polepole kama mtu wa kanisani anayefuata kitabu cha nyimbo, lakini alisoma kila neno. Na Raïssa aliujua vizuri ukurasa wa nne, ule ambao mashine inauliza kwa Kifaransa chepesi cha shule ya msingi: uweke système mpya pembeni ya ile ya zamani, au ufute diski yote?

Alirudi nyuma hadi ukurasa wa lugha. Orodha ya lugha ilikuwa ndefu, na karibu na juu ilikuwapo moja aliyoijua kwa namna yake. Babu wa babu yake alifika ziwa hili na misafara ya biashara, na tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo wao aliyekwepa chuo cha Kurani. Raïssa alichapwa fimbo miaka sita hadi akasoma Kiarabu bila kukwama. Kukielewa ni habari nyingine, hakuna aliyemwahidi hilo. Akachagua Kiarabu, na ukurasa wote ukajigeuza kuanzia kulia.

Léopold akauliza hii ni nini. Raïssa akasema ufunguo huu aliuleta mfanyabiashara mmoja wa msikitini kutoka Bujumbura, na kwamba ile ya Kifaransa ina virusi, inakwama katikati. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto anayeongopa. Léopold akasema haya, afanye haraka.

Ukurasa wa pili, wa tatu. Alikuwa ameweka système hii kwenye mashine zaidi ya mia, na alijua kila kitu kinakaa wapi, lakini sasa vyote vimehama upande, na kitufe cha kuendelea kilikuwa mahali pa kitufe cha kurudi. Ukurasa wa nne ukafika. Mistari miwili. Akauvuta mmoja kwa macho, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa, na ndani yake akalikuta neno masah. Hilo alilijua. Ni neno la udhu: kupangusa kichwa kwa mkono wenye maji. Kupangusa. Akaweka alama hapo. Mashine, kwa wema wake, ikatoa onyo la mwisho, kisanduku chenye herufi nzito na vitufe viwili.

Kidole kilikataa. Raïssa alikiona juu ya kitufe, kimesimama. Alijua kwamba akibonyeza, hakuna fundi wa Uvira wala wa Bujumbura atakayeirudisha orodha ile kwa urahisi. Alijua pia kwamba mtu aliyekaa karibu naye akigundua, yeye hatauona mwaka mpya.

"Inauliza nini?" Léopold alisema.

"Inauliza kama tuko tayari, chef."

"Minye niko tayari."

Akabonyeza.

Mstari wa kijani ulianza kutambaa, kutoka kulia kwenda kushoto. Ulichukua nusu saa, na Raïssa aliihesabu dakika baada ya dakika. Mara mbili jenereta ilipunguza pumzi, mwanga wa kioo ukafifia, naye akaomba kimoyomoyo isizime. Mashine ile haikuwa na betri kubwa ya kuishikilia umeme ukikatika, na kazi ikikatika katikati wangeanza upya, ukurasa wa nne na yote. Léopold alisimulia kwamba yeye pia alipenda ualimu, alisoma miaka miwili, vita vikaharibu. Akasema orodha anayoitafuta ni ya kuwasaidia watu, kuwaweka pamoja mahali pamoja, wapate ulinzi. Raïssa aliitikia ndiyo chef, kweli chef, na aliona haya kwa jinsi maneno hayo yalivyotoka kwa urahisi.

Mstari ulifika mwisho. Mashine ikajizima ili ijiwashe upya, na Raïssa akachomoa USB. Kioo kikawa cheusi. Kisha yakaja maandishi meupe yale yale: hakuna diski ya kuwashia.

Raïssa akalijua kosa lake. Alikuwa amesahau. Fundi wa miaka tisa, kwa woga wake, alikuwa ameuzunguka ugonjwa bila kuutibu. Betri ilikuwa bado imekufa, mashine bado haikujua diski iko wapi. Léopold alisoma maneno yale kwa midomo yake hadi mwisho, akasema ugonjwa ni ule ule wa asubuhi. Hakupandisha sauti. Mmoja wa askari wa mlangoni aligeuza shingo na kutazama ndani.

Hakukuwa na njia nyingine ila kuitibu mbele yake. Raïssa akazima, akawasha, akabonyeza kitufe, akaweka tarehe, akaionyesha diski, akahifadhi. Mashine ikaamka kama haijawahi kuugua. Ilichukua dakika mbili, na Léopold alikuwa ameangalia saa yake.

"Kumbe ilikuwa hii tu," alisema. "Juu ya nini haukuanza na hii?"

Raïssa alisema hakujua, alidhani ni système. Léopold akaivuta mashine upande wake na kuanza kufungua mafaili. Herufi hakuzielewa, lakini picha za mikoba ya mafaili zinafanana katika lugha zote. Akafungua wa kwanza, ulikuwa mtupu. Wa pili, mtupu. Alifungua yote kwa utaratibu, akarudia tena kuanzia mwanzo, kisha akatoa simu na kumpigia mtu.

Alisema mashine iko vide. Alisema mzee amewacheza, amewapa mashine tupu, na kwamba sasa wamuulize vizuri. Wasimwache mpaka aseme kila jina kwa kinywa chake.

Raïssa alisikia yote. Alikuwa amekwisha kuzifikiria nyumba sitini na tatu, akafikiria watoto wa Concilie, akajifikiria na yeye. Mwalimu hakumfikiria. Katika hesabu yake yote ya asubuhi hakumweka mzee ambaye mashine ile ndiyo ilikuwa kinga yake, maana orodha ikipatikana humo hawangekuwa na haja ya kumpiga, mzee wa miaka sabini na kidole chake kimoja cha kuchapia. Wangempiga kwa sababu ya utupu ambao yeye Raïssa aliufanya. Angeweza kunyamaza. Léopold alikuwa akifunga mashine, bado anaongea na simu, dakika moja zaidi angekuwa barabarani. Kunyamaza ndiko alikokujua maishani mwake, na kila kiungo cha mwili wake kilimwomba anyamaze.

"Chef," alisema. "Mwalimu hakudanganya. Bintu bilikuwa ndani. Ni minye nimebifuta."

Léopold akashusha simu.

Raïssa aliharakisha kabla pumzi haijamwishia. Alisema alikosea. Alisema pale penye mistari miwili alichagua mmoja akidhani ni wa kuweka pembeni, na alipoona mikoba mitupu ndipo alipojua. Aliogopa kusema, lakini mzee asiteswe kwa kosa la fundi.

"Kiarabu unakijua, ao haukijue?"

"Najua kukisoma tu, chef."

"Kusoma bila kuelewa?"

"Njo vile tulifundishwa."

Ilikuwa kweli, na labda Léopold aliisikia kuwa ni kweli, kwa sababu hilo hakuliuliza tena. Kisha akasema jambo ambalo Raïssa alikuwa amesahau kulilinda.

"Minye sijakuambia mashine ni ya mwalimu."

Léopold aliweka mashine kwenye mfuko wa mchele, akaukunja mdomo wa mfuko vizuri, akaongea na simu kwamba wamwache mzee kwanza, wamngoje yeye. Akamwambia Raïssa afunge kibanda, waende wote wawili, ili mzee na fundi wasaidiane kukumbuka.

Nshimirimana alikuwa amezima jenereta na kusimama nje na futi yake shingoni. Raïssa alimpa ufunguo wa kibanda. Alitaka kumwambia Concilie ahame sasa hivi, yeye na watoto, lakini askari walikuwa hatua mbili kutoka hapo, basi akasema tu kwamba mgeni wake nyumbani asimpikie leo. Fundi cherehani alimtazama, akautazama mfuko, akaingia ndani. Raïssa hakujua kama ameelewa.

Walimkalisha kwenye pikipiki ya pili, katikati ya dereva na askari. Diski ilikuwa safi, daftari lilikuwa majivu. Orodha ilibaki katika vichwa viwili duniani, na pikipiki hii ilikuwa ikikipeleka kimoja kwa kingine. Mwoga wa Kasenga alijijua vizuri. Alijua atakavyokuwa mbele ya fimbo ya kwanza. Njia pekee ilikuwa kusahau kabla ya kufika, basi akafumba macho na kuanza kusahau, kwa mpango, kuanzia juu.

Hatungimana Sylvestre, mke Iradukunda, watoto watano, nyumba ya pili baada ya kinu, mlango wa bluu. Akalisukuma mbali. Likaja la pili, kwa sauti ya Mwalimu, akilisoma polepole na kulirudia ili yeye asikosee hata herufi moja.